Sheria ya Salamu na Mguu wa Mzee Elinazi

Mama mwenzangu, kama mumeo anakaribia kustaafu, hebu epua sufuria kwanza unisikilize. Ugali ukiharibika utasonga mwingine.

Nchi yetu sitaitaja jina. Ni nchi nzuri, ina amani, na viongozi wake wanatupenda sana, kwa mbali.

Mume wangu, Mzee Elinazi, alikuwa fundi wa pampu za maji ya mji. Ujana wake wote aliusimamisha ndani ya maji ili watu wengine wafungue bomba wanawe uso. Siku ya kumuaga walimpa godoro, saa ya ukutani na hotuba. Godoro lilikuwa fupi kuliko yeye na saa haikuwa na betri, lakini hotuba ilikuwa kamili. Aliitoa Waziri wa Afya na Shukrani mwenyewe, Mheshimiwa Lukolo, kitambaa cha jasho mkononi.

"Wastaafu wetu wapendwa! Katika nchi za wenzetu, mzee akistaafu anatupiwa bima moja tu, kama mfungwa anavyotupiwa blanketi. Sisi tumekataa! Hapa kwetu mzee ana uhuru. Upo Mfuko wa Umma, na zipo kampuni binafsi. Chagueni! Na mkishachagua msirudi, maana taifa linalokwenda mbele halina gia ya kurudi nyuma!"

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka bangili ikaruka. Hilo la gia sikujua kuwa ni sheria, nilidhani ni utamu wa hotuba.

*

Tulianza na Mfuko wa Umma, ambao Mzee alikuwa mwanachama wake tangu kazini. Dirishani alikuwepo Bi Nasemba, mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamuuliza, mstaafu akija kwenu anapata nini?

"Anatibiwa yeye na mkewe mpaka Mungu atakapowachukua," akasema. "Ila nisikudanganye, mama. Foleni ni ndefu, dawa nyingi hazipo, na daktari yuko semina."

"Anarudi lini?"

"Akirudi anakwenda nyingine."

"Sasa uzuri wenu ni upi, Bi Nasemba?"

Akavua miwani, akaifuta na upindo wa khanga. "Sisi hatumfukuzi mtu kwa sababu anaumwa. Ni hilo moja tu. Usilidharau."

Nililidharau. Nilimwambia Mzee njiani kwamba hicho nacho ni kitu cha kujisifia? Hospitali isiyofukuza wagonjwa ni sawa na choo kisichofukuza wenye haja.

Nyumbani tukamkuta Chediel, mtoto wetu wa pekee, amevaa tai. Chediel ana shahada. Alikuwa amekaa nayo nyumbani muda mrefu, tukaizoea kama kabati. Sasa alikuwa amepata kazi ya majaribio katika kampuni ya bima iitwayo Hajambo Daima.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama." Akainama kidogo, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha tangu hajaota meno ya mbele.

"Marahaba, baba. Wamekupendea nini huko?"

"Salamu, mama. Usaili wenyewe ulikuwa wa kusalimia tu. Waliokuwa na vyeti vikubwa kunishinda waliangukia kwenye shikamoo."

Nilijiona nimekua urefu. Kumbe ile adabu niliyomfundisha jikoni bure, kuna watu wanaihitaji!

Basi akatueleza bima ya kampuni yake. Chumba chenye kiyoyozi. Chai. Biskuti.

"Na dawa?" nikauliza.

"Biskuti ni mwanzo tu, mama."

Baba yake akakohoa. "Na hii sukari yangu?"

"Magonjwa yote yanalipiwa, baba, isipokuwa yaliyokwisha kuanza."

"Na yatakayoanza?"

"Hayo yakianza yatakuwa yameanza."

Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Alidhani mtoto anamtania. Hata mimi nilicheka, kwa kumfuatisha.

Chediel hakucheka. Alikuwa anakunja na kukunjua ncha ya tai. "Baba, nisipopeleka wateja hawatanithibitisha kazini. Nilitaka nyinyi muwe wa kwanza wangu."

Nikamwambia Mzee pembeni tulale kwanza, tufikiri. Akaniambia, "Mama Chediel, tangu huyu amalize chuo hajawahi kuniomba kitu zaidi ya nauli." Akachukua kalamu. Kwa Bi Nasemba tukawa tumetoka hivyo hivyo, bila hata kwenda kumwambia.

*

Haikupita muda, zikaja habari kwamba kampuni za bima zina huzuni. Wazee walikuwa wanaleta vyeti vya daktari, na vyeti vyote vinasema wanaumwa. Mheshimiwa Lukolo akasimama bungeni kuliokoa taifa.

"Waheshimiwa! Damu inadanganya! Mkojo unadanganya! Picha za mifupa ndizo waongo wakubwa! Lakini mwananchi wa nchi hii akisalimiwa, anajibu kutoka moyoni. Hakuna hospitali duniani yenye kipimo hicho. Kuanzia leo, jibu la salamu ni ushahidi wa afya, na litakuwa na nguvu kuliko cheti chochote. Waheshimiwa, hamjambo?"

"Hatujambooo!"

Ikaandikwa kuwa Sheria ya Salamu imepita, hakuna aliyepinga. Mbunge mmoja alikuwa na malaria, naye ikaandikwa amepona.

Sisi tuliisikia redioni tukiwa tunachambua mchele. Mzee akasema, "Afadhali, sasa watatusalimia." Maana kwa kweli tangu astaafu, watu wa ofisini kwake walikuwa hawampigii tena.

Na kweli tukaanza kusalimiwa. Chediel, ambaye tangu ahamie mjini kikazi alikuwa anapotea mwezi mzima, sasa akawa anapiga simu kila asubuhi. Kila asubuhi, mama! Nilikuwa natoka na simu uani makusudi ili Mama Pili jirani asikie.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba hajambo?"

"Hajambo, baba, isipokuwa huu mguu..."

"Haya mama, tunashukuru. Siku njema."

Inakatika. Nilijiuliza siku moja, hiyo "tunashukuru" ni yeye na nani? Nikasema labda kapata mchumba. Nikaanza kuweka akiba ya vitenge.

Mguu wenyewe ulianza na msumari. Mtu mwenye sukari anakanyaga msumari anatembea nao kama rafiki. Tulikuja kuuona jioni wakati wa kunawa. Kidonda kilikuwa kama punje ya mahindi, kikawa kama kifuniko cha soda, halafu nikaacha kukifananisha na vitu. Usiku nilikuwa nausogelea nausikiliza, kama mguu unaweza kusema.

Na asubuhi simu ikilia, nasema hajambo.

Usinicheke. Wewe mwenyewe nani alikufundisha kujibu "mgonjwa" kabla hujajibu "hajambo"? Hata msibani mtu akikuuliza habari za hapa unamwitikia nzuri kwanza, ndipo unalia. Shida inakuja nyuma ya salamu, kama mgeni anayesubiri kuambiwa karibu. Mimi kila siku nilikuwa nataka kuikaribisha, na kila siku mlango unafungwa.

*

Vidole vilipobadilika rangi nikakodi gari, tukaenda hospitali ya Hajambo Daima. Kiyoyozi kilikuwepo. Chai ilikuwepo. Nilikula biskuti, nisiseme uongo.

Daktari alikuwa kijana mpole. Akaugusa mguu hapa na pale, akasema kuna mshipa umeziba. Ukizibuliwa sasa hivi, mguu unabaki. Ukicheleweshwa, unakatwa.

"Zibua, daktari," nikamwambia.

"Nipe kibali cha dirishani, mama. Mimi sasa hivi siruhusiwi kujua kama mtu ni mgonjwa."

Dirishani alikuwepo binti mwenye sauti laini, kucha kama vijiko. Akabonyeza mashine yake. Nikaisikia sauti yangu inatoka humo ndani. Hajambo, baba. Inatoka tena. Hajambo, tunamshukuru Mungu. Anaendelea vizuri, mwanangu. Hajambo. Hajambo kabisa.

"Sauti ni yako, bibi?"

"Ni yangu."

"Basi mgonjwa wako ni mzima. Ulisema mwenyewe, kila siku, kwa hiari."

"Binti yangu, njoo umwone, yuko hapa kwenye benchi, mguu unanuka!"

"Kama ananuka leo na jana alikuwa mzima, amevunja mkataba, maana sisi tulimkatia bima mzee mzima. Na kama alikuwa anaumwa tangu jana, ugonjwa umekwisha kuanza. Unapenda nikuandikie lipi?"

Nikashindwa kuchagua. Nikamuuliza tu, "Na huyo anayeniuliza humo ndani, mnamjua?"

Akarudisha mashine nyuma. Kabla ya "Baba hajambo?" kulikuwa na kikohozi kidogo. Hicho kikohozi nakijua. Alianza kukikohoa akiwa na miaka minne, kila anapotaka kusema kitu kisichomfurahisha.

"Huyo ni Msalimiaji wetu wa daraja la kwanza," akasema binti, kwa fahari. "Tuna wasalimiaji wengi, lakini tumegundua wazazi wanajibu vizuri zaidi wakiulizwa na mtoto waliyemzaa."

Mama, nilitafuta ukuta.

*

Tukarudi kwa Bi Nasemba. Safari hii sikudharau foleni, nilikaa chini kabisa sakafuni na Mzee akauweka mguu kwenye mapaja yangu. Tulipofika dirishani akatuangalia, akajua.

"Mlitoka."

"Tulitoka, Bi Nasemba. Turudishe."

"Anayetoka harudi, mpaka kampuni yake iseme kwamba anaumwa na imemshindwa."

"Kampuni inasema hajambo."

"Basi hajambo. Na asiyeumwa anarudi kufanya nini?" Akasema hivyo huku machozi yanamlenga, maana ndivyo alivyotakiwa kusema. Halafu akasogeza mdomo kwenye tundu la dirisha. "Kuna Kamati ya Rufaa, inakaa Alhamisi. Nendeni. Lakini nisikilize, mama. Mkifika pale, msiitikie mtu."

Jioni Chediel akaja. Alikuwa amepewa habari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Ilinitoka yenyewe. Nikajipiga mdomo. "Chediel, ulikuwa unanirekodi?"

"Simu zote zinarekodiwa, mama. Ni utaratibu."

"Na ile 'isipokuwa' yangu? Kila siku nilikuwa naanza kukwambia."

"Mashine inachukua jibu la kwanza. Nilikuwa nawahi kukata ili... kama ningeendelea kusikiliza, ningejua."

"Mimi nilifikiri umetukumbuka."

"Nilikuwa nawakumbuka, mama," akasema, na nadhani alikuwa anasema kweli. "Saa moja na nusu, kila siku. Ilikuwa kwenye ratiba."

Baba yake alikuwa chumbani, mlango wazi. Tulimsikia anageuka kwenye lile godoro fupi.

*

Nikaanza kumfundisha Mzee kunyamaza. Unafikiri ni rahisi? Mtu ameitikia salamu tangu kuzaliwa. Nilimvizia anakula, nikasema, "Hujambo, Mzee Elinazi?" Akasema, "Sijambo," na wali mdomoni. Nilimvizia ananyoa ndevu, akaitikia akajikata kidevu. Nilimkuta anamwitikia mtangazaji wa redio. "Elinazi," nikamwambia, "huo ni mguu wako." Akasema, "Najua, mke wangu, lakini amenisalimia vizuri."

Mpaka Jumatano akaweza. Nilimsalimia tangu asubuhi, ananitazama tu kama mkopo mbaya. Nilimkumbatia.

Ukumbi wa Kamati ulijaa wazee wenye mikongojo, bandeji na makopo ya kutemea. Kumbe Bi Nasemba alikuwa amewanong'oneza wengi. Mwenyekiti akaingia, kitambi mbele, akapanua mikono kama padri.

"Wazee wangu, hamjambo?"

Kimya.

Hujawahi kusikia kimya kama kile. Mzee mmoja aliuma kofia yake. Mwingine aliyefanya kazi ya ualimu alitetemeka mwili mzima, maana amejibiwa salamu hiyo na watoto maisha yake yote.

"Asalaam aleikum!" Mwenyekiti akaongeza sauti. Shehe mmoja akainuka, akatoka nje, akaitikia huko huko, akarudi kukaa.

"Bwana asifiwe!" Mama mmoja wa kwaya akajifunika uso kwa kitenge, mabega yanaruka.

Mwenyekiti hakukasirika. Alitabasamu. Akapekua majalada, akasema, "Tuanze na rufaa ya Mzee Elinazi. Muiteni msalimiaji wake."

Chediel akaingia. Tai ile ile. Hakutuangalia.

"Kamati inapenda kuwafahamisha," akasema Mwenyekiti, "kwamba kijana huyu yupo kwenye majaribio. Baba yake akimwitikia hapa, mbele yetu, anathibitishwa kazini leo hii. Asipoitikia, rufaa itapokelewa, mguu utatibiwa, na kijana atakwenda nyumbani na shahada yake. Kijana, salimia."

Nikamfinya Mzee mkono. Nilimfinya mpaka kucha zikaingia.

Kikohozi kidogo. "Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Ukumbi mzima ukaguna. Nikasema, "Elinazi!" Mwenyekiti akainua kidole. "Marahaba si afya. Endelea, kijana."

Chediel alikuwa amelowa jasho. Ningemchukia vizuri kama angekuwa anacheka. "Hujambo, baba?"

Mzee Elinazi akautazama mguu wake, nilikuwa nimeufunga na kitenge kimojawapo cha yule mchumba asiyekuwepo. Akanitazama mimi. Halafu akamtazama mtoto wetu, kuanzia kwenye viatu kupanda juu, kama vile anamlinganisha na siku aliyomleta nyumbani kutoka kliniki.

"Sijambo, mwanangu," akasema. "Sijui wewe?"

Karani akashusha kalamu kuandika la Mzee, akainua tena kusubiri la Chediel. Chediel akafungua mdomo. Akaufunga. Akafungua.

"Jibu, kijana," akasema Mwenyekiti. "Ni adabu."

Hakujibu. Muhuri ukagongwa hivyo hivyo.

Nilimsukuma Mzee mpaka nyumbani kwenye toroli la Mama Pili. Njia nzima sikumsemesha. Tulipofika langoni nikashindwa kujizuia. "Umefanya nini, Elinazi? Tulifundishana!"

"Ningemnyima mtoto jibu la salamu mbele za watu, angeishi nalo."

"Na wewe utaishi bila mguu."

"Ndiyo. Lakini huo ni wangu."

*

Ulikatwa chini ya goti, halafu tena juu ya goti. Na hapa lazima niisifu serikali. Sheria inasema aliyetoka Mfuko wa Umma harudi, lakini haikusema neno kuhusu kiungo kilichokusudiwa kutupwa. Bi Nasemba ndiye aliyeliona hilo. Kwa hiyo mguu wa mume wangu ulipokelewa tena kwenye Mfuko wa Umma, peke yake, ukakatwa bila malipo. Mwenye mguu bado ni mteja wa Hajambo Daima.

Kampuni nayo haikututupa. Ilituma zawadi ya viatu, jozi nzima, na kadi: Endelea kuwa hajambo. Mheshimiwa Lukolo alimtaja Mzee redioni kama mfano wa wazee wasiolalamika.

Basi ndiyo maana nakwambia, mama mwenzangu. Siku watakapokuja na biskuti, kula, ni haki yako, lakini mwanaume wako asishike kalamu. Uliza kwanza: tukitoka huku, tutarudi? Ugonjwa tulio nao tayari, ni wa nani? Na siku tukiumwa, anayesema kwamba tunaumwa ni daktari, au ni nyinyi? Huyo aliyekuja akianza kukunja tai, funga mlango. Hata kama umemzaa. Hasa kama umemzaa. Na lile dirisha bovu lenye foleni, ambalo halina sifa ila moja, lishikilie kwa meno.

Siku hizi watu wakipita hapa wakaniuliza mzee anaendeleaje, nawauliza na mimi, "Unaniuliza kwa niaba ya nani?" Wengine wanakasirika. Mama Pili alinuna wiki nzima. Simlaumu.

Leo mchana Chediel alikuja. Hakuwa na tai. Sikumuuliza kama kaacha kazi au kaifungua tu njiani. Mzee alimwitikia kutoka chumbani kama kawaida yake, "Marahaba, mwanangu, karibu." Halafu Chediel akanigeukia mimi pale mlangoni, akainama, mikono nyuma.

"Shikamoo mama."

Nikamuuliza kama ninavyowauliza wote. Kwa niaba ya nani?

Alikohoa. Akakaa kibarazani. Nilimpelekea chakula, akala. Nilimpelekea maji, akanywa. Giza limeingia, mbu wanamla, bado yupo pale, nadhani anatafuta jibu. Mlango sijaufunga, na godoro nimemtandikia.

Ila shikamoo yake sijaiitikia.